Rangi ya Kumbikumbi

Walukuba, Jinja
9 Februari 2025

Kwa Muthamia,

Leo ni Jumapili, tarehe tisa Februari, mwaka wa elfu mbili na ishirini na tano. Nilitoka Meru mwezi kama huu, mwaka wa 2006, kwa hivyo nimekaa ugenini miaka kumi na tisa. Naiandika idadi hiyo kwa sababu barua yako imeanza kwa kusema "baada ya kupoteana kidogo", na nimeona ni vyema mmoja wetu aweke hesabu sawa.

Simu zako niliziona. Sikuzipokea, wala sitazipokea. Mtu akisema jambo kwenye simu, kesho atakana. Ukiwa na neno, andika, utie sahihi, ulitume kwa basi kama ulivyofanya safari hii.

Umesema nimsalimie Hidaya. Mke wangu alifariki mwaka wa 2019. Nimemzika hapa, katika makaburi ambako hakuna anayejua kwamba marehemu alizaliwa Majengo ya Meru, au kwamba baba yake alikuwa mchinjaji. Siku zake za mwisho aliomba maji ya mto Kathita. Nilimpa maji ya bomba la Jinja nikamwambia ni ya Kathita. Alikunywa, akasema yana ladha ya nyumbani. Jambo hilo sijamweleza mtu mwingine, lakini wewe nataka ulijue.

Sasa rangi. Unauliza kama naweza kukukumbusha "vile tulikuwa tunapaka kumbikumbi". Hilo neno "tulikuwa" limenifanya niweke barua chini, nikatoka nje kidogo, kisha nikarudi.

Nitakukumbusha mengine kwanza. Karakana yetu ya Kinoru, nyuma ya uwanja, ilikuwa na mbele na nyuma. Mbele ulikaa wewe na wateja, milango ya chuma, fremu za madirisha na maneno matamu. Nyuma nilikaa mimi na mabaki ya rangi ya unga, ile inayopakwa kavu ikayeyuka kwa moto. Nilikuwa nikiyeyusha risasi, nikiimimina kwenye kalibu juu ya ndoano, nikipata kichwa cha chambo bandia. Nilipaka nyekundu, nikapaka kijani, na kambale wa bwawa la Kamburu walizipita zote kama mtu anayepita duka lililofungwa. Ndipo mvua moja ya Aprili nikaona kumbikumbi wakianguka majini, na kambale wakipanda juu kuwala kama watoto kwenye harusi. Nilirudi Kinoru nikakaa na rangi zangu mpaka mvua ya mwaka uliofuata. Nakumbuka chambo cha kwanza kilichotoka sawa: dhahabu ilivyokaa juu ya kahawia, chembe moja moja, kama bawa linapogeuka kwenye jua. Nilikuita uje uone. Ulikuwa unakula chapati. Ulisema, "Ni kizuri," ukaendelea kula.

Mteja mkubwa wa Kamburu alipotaka kumbikumbi kwa wingi, ukasimama mbele ya wazee wa kwenu, juu ya mbuzi aliyechinjwa, ukala kiapo. Maneno yako ninayo kichwani: "Rangi hii ni kazi ya mikono yangu, na Jumaa ameniibia. Nikisema uongo, nyumba yangu isisikie kilio cha mtoto mchanga." Wazee wakatikisa vichwa. Hakuna hata mmoja aliyesema, washeni jiko tutazame nani anajua kupaka. Nusu saa ya jiko ingetosha. Badala yake niliitwa mwizi, na Kinoru nzima ikanifungia milango, mpaka Hidaya akawa anaenda sokoni kwa njia ya nyuma.

Basi nakuuliza swali moja tu. Rangi niliyokuibia, mbona unaniomba mimi?

Jumaa Abubakr


Ruiri
27 Februari 2025

Mzee wangu Jumaa,

Kwanza pole sana kwa Mama Hidaya. Hatukuambiwa. Celina wangu amelia sana, walikuwa marafiki unavyojua. Mungu amweke pema.

Pili, naona ulimi wako bado ni wembe ule ule, Jinja haijaufanya butu. Sawa, nikate, mimi ni wako. Lakini mzee, mambo ya zamani ni ya zamani. Tulikuwa na damu moto. Wazee walisema neno lao, na wengi wao sasa wako kaburini. Sisi tuliobaki tukianza kufukua, tutamaliza lini?

Hii rangi nakuuliza ni jambo dogo tu la biashara. Kuna wazee wa mabwawa huko chini, Kamburu na Kiambere, bado wanaulizia kumbikumbi. Mimi kichwani niko nayo, lakini mkono umesahau. Tena unga wa siku hizi sio kama ule wetu. Ukiupasha haraka unatoa moshi, ukipasha polepole haushiki. Nimejaribu kahawia, nimejaribu kuweka dhahabu, inatoka kitu hata mbwa hawezi kunusa. Nikajiambia, si nimuulize mzee Jumaa, yeye ana kichwa cha kukumbuka vipimo. Tulisaidiana sana pale nyuma.

Kama ni hasira, njoo uimalizie hapa. Niko na dume la mbuzi nimelitenga. Hata nimeongea na Khalifa wa buchari ya Majengo, yeye ndiye atachinja kwa dini yenu, usije ukapata sababu ya kukataa nyama yangu. Tule pamoja, tucheke, urudi kwako au ukae, vile utapenda.

Nitumie vipimo hata kabla hujaja. Mvua iko karibu.

Ni mimi ndugu yako,
Muthamia


Ruiri
11 Machi 2025

Shemeji Jumaa,

Bwana asifiwe, na pole kwa mfungo. Naandika barua hii nikiwa shambani kwa dada yangu, kwa sababu nyumbani siwezi. Muthamia hajui. Tafadhali asijue.

Nimelia kwa ajili ya Hidaya na sitaki kusema mengi, nikianza karatasi italowa. Yeye ndiye alinishika mkono nikimzaa Muthomi. Nataka uanze na hilo unaposoma haya mengine.

Alichokuandikia mume wangu si kweli. Hakuna wateja wa Kamburu. Ni Muthomi anataka kuoa. Msichana anaitwa Kagure, ni wa Ishiara, mtulivu, anafundisha watoto wa chekechea. Baba yake ni mzee Kivuti, mvuvi wa zamani wa Kiambere. Tulienda kwao mwezi wa Desemba kujitambulisha, tukapokelewa vizuri, tukapewa uji na nyama. Kisha mzee Kivuti akaingia ndani, akatoka na kitambaa, akakifungua. Ndani kuna kumbikumbi moja ya zamani, imechakaa kwenye ndoano lakini rangi bado inang'aa. Akasema alinunua Kinoru kutoka kwa mwanaume mrefu mwenye kofia ya kushonwa, na mimi nikajua ni wewe. Akamuuliza Muthamia, "Wanasema uliapa kwamba hii ni kazi yako. Na wengine wanasema uliapa uongo, kwa watoto wa nyumba yako. Mimi sitaki kubishana na watu. Nitengenezee moja mbele yangu, niiweke kando ya hii. Zikifanana, chukua binti."

Shemeji, mume wangu alisema sawa, mbele ya wote, bila kupepesa macho. Tangu hiyo siku halali. Ameharibu unga, amechoma sufuria zangu mbili, anapaka na anatupa chooni tusione. Mzee Kivuti amesema siku ni ya soko la Ishiara, baada ya Pasaka, ili watu wake waone na maneno yaishe.

Mimi najua rangi ni yako. Nilijua hata wakati ule. Nilikuwa na mtoto mdogo na sikuwa na mahali pa kwenda, basi nikanyamaza.

Sasa nakuomba kitu ambacho si haki, nikijua si haki. Mpe rangi. Mpe tu, apake, zifanane, watoto waoane. Muthomi hakuapa. Kagure hakuapa. Uongo umekaa miaka hii yote bila kumuua mtu, acha upite mara moja zaidi, kisha mimi mwenyewe nitamleta Jinja akupigie magoti.

Kwa ajili ya Hidaya.

Celina, mama Muthomi


Walukuba, Jinja
24 Machi 2025

Kwa Muthamia,

Ni siku za mwisho za mfungo, na mtu aliyefunga hushauriwa kufungua mikono yake. Kwa hivyo nakutumia ulichoomba. Sikuulizi tena unakitakia nini.

Tafuta unga wa kahawia ulioiva, ule wa rangi ya chai isiyo na maziwa iliyokaa, na unga wa dhahabu, na ule usio na rangi unaotumiwa kung'arisha. Weka kahawia sehemu mbili, dhahabu sehemu moja, na ule wa kung'arisha kidogo. Tia vyote kwenye kinu kikavu na uvisage pamoja. Usiwe na haraka. Saga mpaka jicho lako lisitofautishe tena kahawia na dhahabu, unga wote uwe wa rangi moja. Chuja kwa kitambaa chepesi.

Kishike kichwa cha risasi kwa koleo, kwenye ndoano, ukipashe juu ya moto wa spiriti. Kipime kwa kukigusisha unga kidogo: ukiyeyuka na kung'aa, moto unatosha; ukitoa moshi, umezidisha, subiri kipoe. Chovya mara moja na utoe mara moja. Gonga koleo ili unga wa ziada uanguke. Zibua tundu la kamba kwa sindano kabla rangi haijakaza, maana ikikaza utalipasua. Ukimaliza, vining'inize kwenye oveni, moto wa kuokea mkate, robo saa. Visigusane. Usiviguse mpaka vipoe kabisa. Mtu mwenye pupa huacha alama ya kidole chake.

Mkia ni manyoya ya mbuzi, ya shingoni. Hilo nadhani unalikumbuka, kwa sababu mbuzi walikuwa wako.

Ukipaka mbele ya watu, paka polepole, waone kila hatua.

Habari za mbuzi wako na Khalifa tutazizungumza baadaye.

Jumaa Abubakr


Walukuba, Jinja
24 Machi 2025

Kwa shemeji yangu Celina,

Nimepata yako. Nimemtumia rangi.

Hidaya alikuwa akikutaja mara nyingi. Alisema hungeweza kupika wali bila kuuliza kama maji yanatosha.

Jumaa


Ruiri
24 Aprili 2025

Kwa Jumaa,

Leo sikuiti shemeji.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, kwa sababu nadhani ndiyo barua uliyokuwa ukiingoja. Uisome polepole, ukiwa na chai.

Tulienda Ishiara siku ya soko. Mzee Kivuti alikuwa ametayarisha meza kando ya mahali wanapouza mbuzi, na oveni ndogo ya gesi ya dada yake anayeoka keki. Watu wake walikaa kwenye mabenchi. Upande wetu alikuwa Muthamia, mimi, Muthomi, na Mithika, yule mdogo wa Muthamia. Kagure alisimama nyuma ya mama yake na hakuinua uso.

Muthamia alikuwa amevaa koti la kanisani. Aliongea vizuri, unavyomjua. Aliwaeleza jinsi alivyowaza rangi hii peke yake, mvua moja, akitazama kumbikumbi wakianguka majini. Kumbe ulimwandikia hadi hilo. Alisema neno kwa neno, kama mtu anayesoma, na watu wakamsikiliza, hata mimi nikasahau kidogo kwamba si kweli.

Kisha akatoa kinu. Mzee Kivuti akauliza, "Na hicho ni cha nini?" Muthamia akasema ndiyo siri yenyewe, bila kinu huwezi kupata rangi moja. Mzee Kivuti akakiangalia kile kinu, akaangalia kumbikumbi yake kwenye kitambaa, akarudi kukaa kwenye benchi.

Alisaga. Alichovya. Hilo nitasema, mikono yake ilifanya kila kitu ulichoandika. Akaweka kwenye oveni. Watu wakaongea habari za mvua na bei za mbuzi. Zilipopoa akazitoa, akazipanga kando ya ile ya zamani.

Zilikuwa za rangi ya tope. Hakuna bawa, hakuna dhahabu. Tope tu, tope lililokauka kwenye kiatu.

Watu waliinama mezani kutazama. Halafu mama mmoja muuza ndizi akanyoosha shingo akauliza, "Mzee, hiyo ni kumbikumbi ama umeichovya kwa ugoro?" Soko lote likacheka. Mwingine akasema labda kambale wa Ruiri wanavuta tumbaku. Muthamia akasema unga ni mbaya, unga wa siku hizi ni wa udanganyifu, aletewe mwingine. Kijana mmoja wa hapo, fundi wa fremu za aluminiamu, akasema kwa heshima kabisa, "Mzee, unga wa rangi hausagwi. Ukiusaga unaua dhahabu. Hata sisi tulioanza juzi tunajua." Hakumtukana. Ingekuwa afadhali angemtukana.

Mzee Kivuti akafunga kumbikumbi yake kwenye kitambaa. Akasema, "Muthamia, nilikuomba kitu kimoja, na umekuja kuapa mara ya pili." Akaenda kwake. Kagure alilia, na Muthomi akatembea mpaka barabarani bila kutungoja.

Nilikuomba kwa jina la Hidaya. Ulijua watoto wako katikati. Ulimtumia mume wangu neno moja lisilo sawa, kinu, na ukakaa huko kwenu ukingoja. Hidaya hangefanya hivyo.

Celina


Ruiri
2 Mei 2025

Mzee Jumaa,

Ndiyo, ilikuwa yako. Sasa umefurahi?

Nimeandika. Unataka sahihi, sahihi iko hapo chini. Rangi ya kumbikumbi ni kazi ya Jumaa Abubakr, na hakuniibia kitu. Nilitaka yule mteja wa Kamburu, na wewe ulikuwa unakaa tu hapo nyuma na rangi zako kama bibi harusi, hutaki kuongea na mtu. Nikajiambia, huyu hata akinyang'anywa hatajua. Ndivyo nilivyofikiri. Sikujua utafungiwa milango yote. Au nilijua na sikutaka kuangalia. Chagua wewe, una kichwa kizuri.

Umenichinja bila kisu. Nikipita Ruiri watoto wananiita Mzee Ugoro. Mithika ananiongelesha kama mtu anayeongea na mgonjwa. Muthomi amehamia Meru mjini, hapokei simu yangu. Sasa najua vile unapiga na simu inalia tu.

Wazee wa hapa wamesema kiapo kinaweza kuondolewa. Lazima nikiri kwa kinywa, hilo nitafanya. Lakini lazima pia aliyekosewa aje, akae na mimi, ale nyama kutoka mkononi mwangu, wakimwona. Bila wewe haiwezekani. Nimewauliza mara nyingi kama mwingine anaweza kula kwa niaba yako. Hawezi. Wanasema aliyeumizwa ndiye ana mdomo wa kufungua.

Mbuzi bado yuko. Khalifa bado anangoja. Nitatuma gari likuchukue mpakani Malaba. Magoti yangu yamezeeka lakini yatakunjika. Sitaki kulala na hii kitu na nife nayo.

Njoo tu, Jumaa.

Muthamia


Walukuba, Jinja
18 Mei 2025

Kwa Muthamia,

Nimesoma barua yako mara kadhaa. Ni barua ya kwanza kutoka kwako isiyo na asali, na kwa hilo nakupa heshima yake.

Kwanza nitakueleza kuhusu kinu, ili usije ukasema sikukufundisha kitu. Rangi ya unga haichanganyiki kama chai na maziwa. Kila chembe huyeyuka pale ilipolala na hubaki na rangi yake. Ukitaka kahawia na dhahabu viishi pamoja, usivilazimishe kuwa kitu kimoja. Kahawia hutangulia peke yake. Ikiwa bado laini, dhahabu hunyunyizwa kutoka juu kwa brashi ya manyoya laini, kwa kuigonga kwa kidole, huku na huku, kama mtu anayetia chumvi akijua mgeni wake ana presha. Kisha ule unga usio na rangi hufunika vyote. Dhahabu ni vipande vidogo sana vya kung'aa. Ukivisaga umevivunja, na kinachobaki ni tope. Mtu aliyeibuni rangi ile, au hata mtu aliyeniangalia siku moja nikifanya kazi, angecheka alipofika kwenye neno "kinu". Angeniandikia, "Mzee, umezeeka, umekosea." Nilikupa karibu mwezi mzima wa kuniandikia hivyo. Nilikuwa nikiangalia mlangoni kila basi lilipofika. Hukuandika.

Ndiyo, nilikudanganya, tena ndani ya Ramadhani. Hilo nitalijibu mwenyewe mahali pa kulijibia. Lakini wewe ulisimama Ishiara ukawaeleza watu mvua yangu na kumbikumbi zangu. Kuhusu mvua, katika barua yangu ya Februari nilikuwa nikikukumbusha tu. Sikukwambia uivae kama koti.

Mke wako ameniandikia kwamba watoto wako katikati. Ana haki, na sikumjibu kwa sababu nilitaka kwanza niwatoe. Ijumaa ya wiki iliyofuata barua yake, baada ya swala, nilisimama mbele ya imamu na mashahidi wawili nikasema hivi: mimi Jumaa, niliyeitwa mwizi, sina dai lolote kwa Muthomi wala kwa Kagure wala kwa mtoto yeyote atakayetoka kwao, kama kuna neno lolote lililosemwa juu ya nyumba kwa sababu yangu, kwao nimelifuta. Niliandika maneno hayo, wakatia sahihi, nikamtumia mzee Kivuti. Nikamtumia pia kumbikumbi moja niliyoipaka kwa mkono huu, aiweke kando ya ile ya zamani. Mimi siamini kwamba mbuzi aliyekufa anaweza kufunga tumbo la mwanamke aliye hai. Lakini mzee Kivuti anaamini, na binti ni wake.

Jibu lake lilifika juzi. Anasema zimefanana, kwamba kinywa cha aliyekosewa kimewatosha wazee wa Ishiara kwa upande wa watoto, na harusi itakuwa Agosti. Ametaja sharti moja, ambalo si langu ingawa silikatai. Siku ya kuongea, anayesimama kwa niaba ya nyumba ya mwanaume atakuwa Mithika. Wewe utakaa na wageni. Utakula utakachopewa na hutasema neno, kwa sababu wamesema hawana jinsi ya kupima neno lako.

Muthomi ameshajua. Alinipigia simu, na yake niliipokea. Ni kijana anayeuliza swali kisha akasubiri jibu. Nimemweleza namna ya kupaka, hatua kwa hatua. Anataka kutengenezea kumbikumbi huko Ishiara, yeye na Kagure, na ameuliza jina la kuandika kwenye pakiti. Nikamwambia aandike jina la Hidaya.

Sasa mbuzi wako. Nimeelewa kwamba bila mimi hutafunguliwa. Nimeelewa pia kwamba sasa kiapo kimebaki kwako peke yako, hakina mtoto wala mjukuu wa kujifichia. Nimejaribu, kwa kweli nimejaribu, kujiona nikishuka Malaba, nikipanda gari lako, nikipita Kinoru mchana mbele ya milango ile, nikikaa chini na kuchukua nyama mkononi mwako huku watu wakisema wazee wamepatana, ni jambo jema. Najua ungelia. Najua ningeonekana mtu mkubwa. Kisha ungeinuka ukiwa mwepesi, ukaenda kulala, nami ningerudi hapa kwenye kaburi la mwanamke aliyeomba maji ya Kathita.

Hidaya alitaka kurudi, na hakuweza kwa sababu yako. Mimi naweza, na sitaki, kwa sababu yako.

Mwambie Khalifa asingoje. Nyama igaweni kwa majirani.

Sitarudi.

Jumaa Abubakr